Lisansi ya mjomba: maneno yanayofungua na kufunga mlango wa uzamivu

Mjomba wangu ni mwalimu wa sekondari Kabimba, mji wa kiwanda cha saruji ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie. Mwaka jana aliomba kudahiliwa katika shahada ya uzamivu ya elimu kwenye chuo kimoja ng'ambo ya ziwa, Tanzania. Alitaka kuchunguza jinsi watoto wa darasa la kwanza na la pili wanavyofundishwa kusoma. Jibu lilifika baada ya wiki sita, mistari mitatu tu: mwombaji ana shahada ya kwanza, hana ya umahiri, kwa hiyo ombi halikupita. Mjomba alilisoma kwa sauti, akaweka simu juu ya meza.

"Mwipwa wangu, wewe unayesoma lugha, hebu nieleze. Miaka mitano niliyokaa chuoni, hawa wameihesabu mingapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo, na ninaliandika hapa kwa sababu wengi wetu kitivoni tutavuka mpaka huohuo na karatasi zilezile mkononi.

Tuanze na neno lililoandikwa kwenye karatasi yake: licence. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, mwanafunzi alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Jumla ni miaka 5 baada ya sekondari. Ufaransa neno hilohilo lina maana ya miaka 3. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, ambaye hajapita katika mfumo wa Kifaransa, akikutana na lisansi hulitafsiri kwa haraka kuwa shahada ya kwanza, nayo Tanzania mara nyingi ni miaka 3. Basi miaka miwili ya mjomba ilipotea katika tafsiri ya neno moja. Hakuna aliyeiiba.

Jambo linazidi kuwa gumu nyumbani kwetu wenyewe. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ilifungua njia ya mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na doktora, na tangu mwaka wa masomo 2021–2022 vyuo vyetu vimekuwa vikihamia huko. Lisansi ya LMD ni miaka 3. Mimi nina umri wa miaka 24, na lisansi yangu ni ya aina hiyo. Mjomba na mimi tutaonyesha karatasi zenye neno moja, nchi moja, huku yake ikiwa na miaka miwili zaidi. Katika isimu tungeziita homonimu. Ofisi ya udahili haina muda wa homonimu.

Hata hivyo, lazima niseme ukweli ambao mjomba hakuupenda. Hata Kongo, lisansi ya zamani peke yake haikumpa mtu ruhusa ya kuandika tasnifu ya udaktari. Ilibidi kwanza apite hatua ya tatu, akapata DES au DEA. Mjomba hakuipata, alirudi Kabimba kufundisha, kwa kuwa wadogo zake walikuwa bado shuleni. Kwa hiyo chuo kile kilitoa jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Tofauti hiyo ina uzito. Anayeambiwa "una shahada ya kwanza tu" anaona anaanza chini kabisa. Anayeambiwa "una miaka 5, umebakiza hatua moja" anajua aende wapi.

Lisansi haiko peke yake. Kwetu diploma ya serikali ni cheti cha kumaliza sekondari. Tanzania diploma ni stashahada, masomo ya baada ya sekondari. Mwombaji akiandika katika fomu kwamba alipata diploma akiwa na miaka 18, msomaji wa kule ataona ama muujiza ama udanganyifu. Kwetu profesa anayeongoza tasnifu huitwa promota. Upande wa pili promota ni mtu wa ndondi na muziki, na anayeongoza tasnifu huitwa msimamizi. Tasnifu yenyewe wengi wetu huiita "tezi", kutoka Kifaransa. Nilicheka peke yangu nilipokumbuka tezi ni nini katika Kiswahili cha daktari.

Neno la alama linaumiza zaidi. Kwetu "distinction" huanza asilimia 70. Waliofaulu chini ya hapo huandikiwa "satisfaction", awe amepata 52 au 68. Mjomba alipata 68. Msomaji wa Kiingereza akiliona neno hilo huelewa "inatosha tu". Ndiyo maana hati ya alama lazima iambatane na cheti, ikiwa imetafsiriwa na mtafsiri anayetambulika, na iwe na maelezo ya viwango vya alama. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo kazi zake ni pamoja na kutambua tuzo za nje. Mjomba aliiruka hatua hiyo. Alipeleka picha ya cheti aliyoipiga kwa simu, akatafsiri mwenyewe. Kwenye nafasi ya kiwango cha elimu aliandika neno la Kiingereza lenye maana ya shahada ya kwanza, kwa sababu ndilo kamusi ilimpa. Ndiyo: nusu ya kosa ilitoka mkononi mwake. Tulipoligundua hilo alinyamaza muda mrefu.

Je, Jumuiya haitusaidii? Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mnamo Julai 2022. Jumuiya ina mfumo wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2015, wenye ngazi 8, na uzamivu uko ngazi ya 8. Ni kazi nzuri. Lakini ulitungwa kabla sisi hatujaingia, na jedwali la ngazi halisomi cheti cha mtu. Anayekisoma ni karani mwenye mafaili mia mbele yake. Ushauri wangu ni kwamba mwombaji aandike miaka na idadi ya saa za masomo kabla ya jina la shahada. Tarakimu hazihitaji mkalimani.

Sasa pendekezo la utafiti, ambalo kwa maoni yangu ndilo ombi lenyewe. Karatasi nyingine zote ni za mlangoni. La kwanza la mjomba liliitwa "Matatizo ya elimu nchini Kongo". Hakuna msimamizi anayeweza kulishika hilo. Nilimwuliza ni kitu gani kinamkera anapopita kwenye darasa la mtoto wake. Akajibu bila kufikiri: mtoto anasoma "watoto" kitabuni, nyumbani anasikia "batoto", bibi anamwambia kwa Kiholoholo au Kitabwa, na baada ya muda mfupi anatakiwa kuhamia Kifaransa. Mwalimu naye hajui asahihishe nini. Kila anaposahihisha "batoto", mtoto anaacha kusema.

Hilo ndilo swali. Sheria ya 2014 inatambua lugha za taifa na za mazingira katika kufundishia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Kiluba cha Kasai. Lakini Kiswahili kipi, cha kitabu au cha ufukweni Kabimba? Na tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipotangazwa kuwa bila malipo, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hana nafasi ya kusikiliza kila mtoto anatamka nini. Swali hili ni dogo kiasi cha kupimika, na mjomba ana kitu ambacho msimamizi wa mbali hana: anaingia madarasani hayo bila kuomba usafiri.

Kuna uamuzi mmoja ambao waombaji wengi hawauoni hadi wamechelewa. Swali hilohilo linaweza kupelekwa kwenye kitivo cha elimu au kwenye idara ya Kiswahili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Kwenye elimu utaandika kwa Kiingereza. Kwa mtu aliyesoma maisha yake yote kwa Kifaransa na kufundisha kwa Kiswahili, hiyo ni tofauti ya miaka. Mjomba hakujua kwamba angeweza kuchagua.

Neno uzamivu lenyewe linatokana na kuzamia, kama vile usikivu na kusikia, utulivu na kutulia. Watu wa ziwa tunalielewa haraka. Ila mitaani Tanzania kuzamia pia ni kwenda nchi ya watu kwa kujificha melini bila karatasi. Nilimweleza mjomba, akasema mwaka jana yeye alifanya maana ya pili.

Safari hii ameomba umahiri kwanza, na barua yake ina mpangilio wa kule: anwani, tarehe, kisha YAH: na mada kwa herufi kubwa. Tumeondoa "nina heshima kubwa ya kuja mbele yako", ambayo ni Kifaransa kilichovaa kanzu. Mstari wa pili unasema alisoma miaka 5 chuoni, 3 na 2, na alama alizopata kila mwaka. Swali la batoto liko ukurasa wa kwanza. Aliituma Jumatatu, akiwa amesimama kwenye kilima nyuma ya nyumba, ambako mtandao hushika vizuri zaidi.