Usitie mkono mfukoni kufufua hamu ya mchezo

Je, mpenzi msomaji, wewe ni miongoni mwa wale waliokuwa wakikesha mbele ya kompyuta wakijenga milki, lakini siku hizi ukiufungua mchezo wako unaufunga baada ya dakika kumi tu? Kama ndivyo, huenda umeshaanza kuamini kwamba dawa ni kununua nyongeza mpya. Hebu tulia kidogo kabla hujatoa pesa.

Tuchukue mfano wa Europa Universalis IV, mchezo wa kampuni ya Paradox Interactive ya Uswidi, uliotolewa Agosti 2013. Humo unatawala dola uitakayo kuanzia mwaka wa 1444 hadi 1821. Waweza kuwa mfalme wa Uingereza au, ukipenda, sultani wa Kilwa anayeshindana na Malindi na Mombasa. Raha yake ni kupanga: nani umfanye rafiki, lini upigane na lini uvumilie.

Kisha zikaja nyongeza za kulipia, moja baada ya nyingine, kwa miaka kumi. Baadhi zilikuwa tamu, nyingine ziliudhi. Common Sense ya 2015 ilikuja na utaratibu mpya wa maendeleo ya mikoa, lakini wakati huo aliyetaka kuistawisha mikoa yake mwenyewe ilimbidi ainunue. Nayo Leviathan ya Aprili 2021 ilitoka na kasoro nyingi hata watengenezaji wakaomba radhi.

Isitoshe, nyongeza hizo huandamana na marekebisho ya bure yanayogeuza kanuni kwa wachezaji wote, hata wasionunua. Ukikaa mbali miezi kadhaa, unarudi na kukuta mbinu ulizozizoea hazifai tena. Unakuwa mgeni katika nyumba yako mwenyewe, na kile kilichokuwa burudani kinageuka kuwa somo la kudurusu upya. Hapo ndipo hamu hufa. Nyongeza nyingine itakuletea mambo zaidi ya kujifunza, na kilichokuchosha ni hayo hayo.

Ufanye nini basi?

Kwanza, usijilazimishe kuendelea eti kwa sababu umeshatumia pesa nyingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pili, duka la intaneti la Steam hukuruhusu kuzima nyongeza usizozipenda, na pia kurudi kwenye matoleo ya zamani ya mchezo huu. Jaribu hilo kwanza, maana halina gharama.

Tatu, mwaka 2021 kampuni hiyo ilianzisha malipo ya kila mwezi yanayokufungulia nyongeza zake. Ni nafuu kuonja mwezi mmoja kuliko kununua zote.

Nne, kama umeshanunua na hukuridhika, Steam hurejesha pesa ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujaucheza mchezo kwa saa mbili tangu uinunue nyongeza hiyo.

Ikiwa baada ya hayo bado huna hamu, uweke mchezo kando bila majuto. Ulikufurahisha kwa wakati wake, na hilo latosha.

Na wewe mzazi ambaye kijana wako anaomba pesa za nyongeza nyingine, usimfokee. Muulize tu: ile ya mwisho uliicheza mara ngapi? Akisita kujibu, nyote wawili mtakuwa mmeshapata jibu.