Subaru ya Zamani: Pima Kwanza, Spea Baadaye

Ukikuta Impreza WRX ya miaka ya tisini imeachwa gereji boneti likiwa wazi, usishangae kusikia kwamba kifaa kilichobadilishwa mara ya mwisho hakikuwa kibovu. Gari lilikosa nguvu, fundi akalisikiliza kidogo, akasema ni sensa ya hewa. Sensa ikatafutwa, ya mtumba, ikafungwa. Gari likabaki vilevile. Ikaja zamu ya pampu ya petroli, kisha koili. Mwisho wa yote mwenye gari ana boksi limejaa spea nzima, na gari bado bovu.

Msemo kwamba gari la aina hii linakula pesa una ukweli wake, lakini sehemu kubwa ya pesa hiyo huliwa na kubahatisha. Vipimo vya kwanza kabisa vinafanyika nyumbani, uani, kwa vifaa ambavyo bei yake haifikii hata sensa moja.

Impreza ilianza kuuzwa Japan mwishoni mwa 1992. Colin McRae alishinda nayo Safari Rally mwaka 1997, na tangu hapo huhitaji kumweleza kijana wa Nakuru au Arusha kwa nini anaitaka. Injini inayozungumziwa zaidi ni EJ20 ya turbo: lita mbili, silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto. Ule mlio wa kukoroma unaowageuza watu shingo barabarani unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. Ni mtamu, lakini hauongezi nguvu.

Ukiniuliza kinachoziua zaidi injini hizi, nitakujibu oili. Kipime kiwango chake asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu kwenye injini iliyolala oili huchelewa kushuka. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, ukisome pande zote mbili. Mara nyingi pande hizo hazilingani; uamini ule unaoonyesha oili kidogo. Kati ya alama ya juu na ya chini pana takriban lita moja, na kwa injini ya turbo inayokimbizwa, kukaa alama ya chini ni hatari. Kwenye kona kali oili yote hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, na beringi za konrodi zikasagika zikiwa kavu. Ndipo unaposikia watu wakisema injini imenoki. Badilisha oili kila kilomita 5,000, au kila miezi sita kama gari linatoka Jumapili tu.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate kopo lake kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno, maana chenga zake zitachanganyika na ushahidi. Toa karatasi ya ndani, ikamue, uikunjue juani. Weusi mwororo ni masizi ya kawaida. Chembe zinazong'aa ndizo za kuchunguza, kwa hiyo pitisha sumaku juu yake. Zinazonata ni chuma. Zisizonata, hasa zilizo bapa kama magamba ya samaki, kwa kawaida zinatoka kwenye beringi. Ukiziona nyingi, usiliwashe tena gari hilo. Lipeleke kwa fundi wa injini likiwa limevutwa. Konrodi ikishatoboa bloku, hakuna cha kutengeneza tena.

Sasa turudi kwenye gari lililokosa nguvu. Impreza nyingi za Japan za miaka ya tisini hazisomeki kwa vile visomaji vidogo vinavyounganishwa na simu, na hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa wakaanza kubahatisha. Ila gari lenyewe linasema. Inama chini ya dashibodi upande wa dereva, utakuta soketi zinazoning'inia bila kuunganishwa na kitu, jozi nyeusi na jozi ya kijani. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisha zile nyeusi. Washa ufunguo bila kupiga stata, kisha itazame taa ya injini. Itamweka: mweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mirefu miwili na mifupi miwili ni 22. Mirefu miwili na mifupi mitatu ni 23. Andika namba zote, kisha zichomoe soketi kabla ya kuendesha.

Namba 23 ndiyo ya sensa ya hewa, yule mtuhumiwa wa kila siku. Namba 22 ni ya sensa inayosikiliza mgongano ndani ya silinda, pale petroli inapolipuka kwa fujo badala ya kuungua kwa mpangilio. Gari hili lilitengenezwa kwa petroli bora ya Japan, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani 100. Ukilinywesha ya chini ya hapo, kompyuta hutegemea sikio hilo kujua lini irudishe nyuma muda wa cheche. Sikio likifa, kompyuta haisubiri ushahidi. Inarudisha cheche nyuma ili kuinusuru injini, na gari linakuwa zito. Sensa yenyewe ni kitu kidogo kilichofungwa kwa bolti moja kwenye bloku, na joto la miaka hupasua mwili wake. Ukifunga mpya, kwangua kutu mahali inapokaa, na tumia spana ya kupimia nguvu: takriban 24 Nm. Ikikazwa kupita kiasi haisikii sawasawa.

Tahadhari moja. Namba inakutajia njia nzima, kuanzia kifaa, waya, soketi hadi kompyuta. Haijasema kifaa kimekufa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote chomoa soketi, tazama kama pini zina ukoga wa kijani, pima waya kwa multimita. Gari lililokaa Mombasa au Tanga karibu na chumvi ya bahari huwa na makosa mengi zaidi kwenye soketi kuliko kwenye vifaa. Kwa magari ya baadaye yenye koili juu ya kila plagi mambo ni mepesi: kisomaji kikitoa P0301, hamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya tatu, iliyo upande uleule, na ya tatu uilete kwenye ya kwanza. Namba ikihamia P0303, koili ndiyo mbaya. Ikibaki palepale, angalia plagi na kwingineko.

Kama hakuna namba yoyote na nguvu bado haipo, tafuta hewa inayovuja. Mipira ya kupeleka hewa kwenye turbo na kuitoa ina umri wa gari, na ule unaopita chini ya manifoldi hupasuka mahali usipopaona. Ikivuja baada ya turbo, kompyuta imeshaihesabu hewa ambayo haikufika, inamwaga petroli ya ziada, unaona moshi mweusi. Ikiingia kwa ufa ulio kati ya sensa ya hewa na turbo, haikuhesabiwa kabisa, na mchanganyiko unakosa petroli. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jaza hewa taratibu isizidi bar 1, kisha pakaza povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kunapovuja kutafura mapovu. Na wale waliofunga valvu ya kutoa ile sauti ya "pshhh" kila wanapobadili gia wajue kwamba wanamwaga nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Plagi zao nyeusi zinatokana na hapo.

Kuna desturi moja ninayoipinga waziwazi: kutoa thamostati na kujaza maji ya bomba kwa madai kwamba nchi yetu ni ya joto. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka karibu nyuzi 76 hadi 80, na bila hiyo injini hukimbia ikiwa baridi, oili haipati joto la kuchemsha unyevu wake, na petroli inatumika zaidi. Maji matupu nayo yanakula alumini ya hedi. Weka kulanti, na ukishajaza toa hewa yote iliyonaswa. Gari likichemsha, acha kifuniko cha rejeta mpaka ipoe kabisa.

Mkanda wa taimingi usiuache kwa sababu mita inasoma kidogo, mita hurudishwa. Ukikatika, valvu hugonga pistoni na hedi zote mbili zinafunguliwa. Kwa gari lililotoka Japan tafuta stika ndani ya boneti, kwani gereji za kule hubandika tarehe na kilomita za mkanda ulipobadilishwa. Mwaka ukiandikwa kwa hesabu ya Heisei, jumlisha 1988: Heisei 24 ni 2012. Kilomita 100,000 ndio ukomo, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Usipoona stika, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Kazi hii mpe fundi anayeijua Subaru, na pampu ya maji ibadilishwe siku hiyohiyo kwa kuwa inazungushwa na mkanda huohuo.

La mwisho ni matairi, na hapa kifaa ni futi ya fundi cherehani. Gari linavuta kwa magurudumu yote manne, hivyo kununua tairi moja la mtumba kuziba pengo ni kuitesa difu ya katikati mwendo wote. Zungusha futi kwenye kila tairi. Tofauti ya mzunguko ikizidi milimita 6, badilisha yote manne au tafuta linalolingana. Kisha kata usukani mpaka mwisho na uende polepole kwenye uwanja wa lami. Gari likijikwaruza na kurukaruka kana kwamba kuna breki inayokamata, difu hiyo imeshaanza kugoma.