Elimu ya Kuchunguza Moto



Usiku wa tarehe 14 Aprili 2008 bweni la wasichana wa shule ya Budo Junior, si mbali na Kampala, liliteketea, na watoto wengi wakafia ndani yake. Haikupita miaka miwili, tarehe 16 Machi 2010, moto ukaiteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka pale Kasubi, mahali palipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Majivu hayajapoa, swali moja tu lilikuwa midomoni mwa watu: nani amewasha? Kesho yake vurugu zilizuka papo hapo Kasubi, risasi zikalia, na watu wakapoteza maisha.

Tunakumbusha misiba hiyo kwa kuwa askari ndiye anayefika kwanza, na ndiye anayeulizwa swali hilo la "nani" hata kabla mtu yeyote hajajua ni nini kilichowaka na kilianzia wapi. Nchini Uganda jambo hili lina uzito zaidi, maana huko zimamoto ni sehemu ya polisi yenyewe.

Huko Marekani zipo shahada kamili za kazi hii. Chuo cha Eastern Kentucky, kwa mfano, hufundisha uchunguzi wa moto, wa uchomaji wa makusudi na wa milipuko, kama vyuo vingine vifundishavyo sheria au kilimo. Huenda mtu akacheka, akauliza kama majivu nayo yanahitaji digrii. Mwanafunzi wa kozi kama hizo aweza hata kukutwa akisoma historia au uchoraji, na hapo kicheko kitazidi. Lakini historia humfundisha kupima maneno ya mashahidi watatu wanaopingana, na uchoraji humwezesha kutengeneza ramani ya nyumba iliyoungua, yenye vipimo sahihi, ambayo hakimu asiyewahi kukanyaga pale ataisoma na kuielewa.

Sababu hasa ya elimu hiyo ni chungu. Kwa miaka mingi kazi hii ilirithishwa kazini, mzee akimwonyesha kijana. Doa jeusi sakafuni lenye umbo la maji yaliyomwagika liliambiwa ni alama ya petroli. Kioo chenye nyufa nyingi ndogo ndogo kiliambiwa kimepata joto la ghafla, kwa hiyo pana mafuta. Hapana aliyekuwa amezipima kanuni hizo kwa majaribio. Zilikubaliwa kwa sababu mkubwa wa kazi amezisema.

Tarehe 23 Desemba 1991, katika mji wa Corsicana, jimbo la Texas, nyumba ya Cameron Todd Willingham iliungua, na binti zake watatu wadogo wakafa. Baba alitoka salama. Wachunguzi waliyaona madoa sakafuni na nyufa katika vioo, wakaieleza mahakama kwamba moto uliwashwa makusudi. Mwaka 1992 akahukumiwa kufa. Siku chache kabla ya hukumu kutimizwa, mwanakemia Gerald Hurst aliandika kwamba alama zile hazithibitishi kosa lolote. Willingham aliuawa tarehe 17 Februari 2004. Mwaka 2009 mtaalamu mwingine, Craig Beyler, aliyepewa kazi na tume ya sayansi ya jimbo lilo hilo, akasema kwamba uamuzi wa wale wachunguzi haukuwa na msingi wa kisayansi.

Na jibu lilikuwa limekwisha kupatikana mapema. Muda si mrefu kabla ya moto wa Corsicana, katika mji wa Jacksonville, Florida, mtu mmoja alishtakiwa kwa moto uliowaua watu sita. Yeye alidai kwamba moto ulianzia kwenye kochi. Wachunguzi wa upande wa mashtaka wakachukua nyumba ya jirani iliyofanana na ile, wakaipanga vivyo hivyo, wakawasha kochi bila tone la petroli. Katika muda usiofikia dakika 5 chumba kizima kililipuka kwa moto, na sakafuni zikabaki alama zile zile walizozoea kuziita za petroli. Mashtaka yakafutwa.

Yafaa kueleza kinachotokea, kwa kuwa hapo ndipo penye kiini cha somo. Kochi linapowaka chumbani, moshi wa moto mkali hujikusanya chini ya dari. Joto la tabaka hilo likikaribia nyuzi 600, huvichoma kwa mng'aro wake vitu vyote vilivyo chini, vikaanza kutoa gesi, na ghafla vikashika moto kwa pamoja, pamoja na sakafu. Tangu hapo moto hufuata hewa. Huunguza zaidi karibu na mlango na dirisha, hata kama haukuanzia huko. Ama vioo, majaribio yameonyesha kwamba nyufa zile hutokea maji ya zimamoto yanapomwagika juu ya kioo cha moto.

Mwaka 2005 wachunguzi 53 walionyeshwa, huko Las Vegas, chumba kilichoachwa kiwake dakika chache tu baada ya kufikia hali hiyo, wakaambiwa wataje moto ulianzia robo ipi ya chumba. Waliopata ni 3. Katika chumba cha pili waliopata wakawa tena 3. Hao walikuwa watu wa kazi, si wanagenzi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa leo hufundishwa kukusanya sababu zote zinazowezekana, nyaya za umeme, mshumaa, jiko la makaa, mkono wa mtu, na kuijaribu kila moja mpaka ishindwe. Asiyeweza kuondoa sababu zilizobaki huandika kwamba chanzo hakikujulikana.

Kazi hiyo yote humtegemea askari wa kwanza kufika. Yeye ndiye aliyeona kama mlango ulikuwa umefungwa au wazi, na dirisha lipi lilikuwa limekwisha vunjika kabla ya gari la zimamoto kuwasili. Hayo ayaandike pamoja na saa. Aweke kamba, azuie watu wasipite na wasiokote mabati. Kipande cha sakafu kinachoshukiwa kuwa na mafuta kisitiwe katika mfuko wa kawaida wa plastiki, kwani mvuke huupenya. Hutiwa katika mkebe safi wa bati uliofungwa sawasawa, na kipande kingine kisichoshukiwa huwekwa katika mkebe wa pili ili kilinganishwe nacho. Juu ya kila mkebe huandikwa mahali, siku, saa, na jina la askari aliyeufunga.