Je, Wajua? Mama Yake Yesu na Harusi ya Kana

JE, WAJUA kwamba habari ya harusi ya Kana imo katika Injili ya Yohana peke yake? Mathayo, Marko na Luka hawaigusi.

JE, WAJUA kwamba mama ndiye anayetangulia kutajwa? Yohana anaanza kwa kusema alikuwapo harusini, kisha ndipo anaongeza kuwa Yesu na wanafunzi wake nao walialikwa.

JE, WAJUA kwamba Yohana hamwiti Mariamu kwa jina lake hata mara moja? Kwake ni mama yake Yesu, basi.

JE, WAJUA kwamba Mariamu hakuomba muujiza? Alitoa taarifa tu kwamba wenye shughuli wameishiwa divai. Yesu akamjibu kuwa saa yake haijafika. Mama hakubishana, aliwageukia watumishi, akawaagiza watii lolote atakalowaambia. Baada ya hapo, Injili ya Yohana hainukuu tena neno lake lolote.

JE, WAJUA kwamba agizo hilo linakaribiana sana na la Farao? Wakati wa njaa, Farao aliwaelekeza Wamisri kwa Yusufu, wakafanye atakachosema (Mwanzo 41:55).

JE, WAJUA kwa nini kuishiwa divai kulikuwa fedheha? Sherehe ya harusi ya Kiyahudi iliweza kuendelea siku 7, na bwana harusi ndiye aliyedaiwa kinywaji.

JE, WAJUA kwamba mabalasi 6 ya mawe, ambayo maji yake Yesu aliyageuza kuwa divai, yaliwekwa kwa ajili ya kunawa na kujitakasa? Chombo cha udongo kikinajisika kilipaswa kuvunjwa, lakini cha jiwe kilihesabiwa hakishiki unajisi. Kwa jumla yalichukua kati ya lita 470 na 700 hivi.

JE, WAJUA ni nani waliojua siri kwamba divai hiyo ilikuwa maji? Si mkuu wa meza, aliyeonja na kumsifu bwana harusi. Ni watumishi walioteka maji, walewale walioagizwa na mama.

JE, WAJUA kwamba Nathanaeli, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo, alikuwa mwenyeji wa Kana?

JE, WAJUA kwamba baada ya harusi mama alifuatana na Yesu, ndugu zake na wanafunzi hadi Kapernaumu?

JE, WAJUA kwamba mwaka 2002 Papa Yohane Paulo II aliongeza Matendo ya Mwanga katika Rozari? Tendo la pili ni harusi ya Kana.

JE, WAJUA kwamba mchoro wa harusi hiyo uliochorwa na Paolo Veronese mwaka 1563 una upana wa karibu mita 10? Umo katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

JE, WAJUA kwamba mama huyu hakuishia Kana? Alisimama karibu na msalaba, na baada ya Yesu kupaa alikuwa Yerusalemu akisali pamoja na mitume (Matendo 1:14). Alishuhudia ishara ya kwanza ya Yesu, na Kanisa lilipoanza alikuwamo.