Nafasi Tupu Ndani ya Ganda: Siri ya Shabaha ya Bastola Fupi

Risasi ikosapo shabaha, watu wengi hudhani kuwa ama mkono wa mpigaji umetikisika, ama baruti ilikuwa haba. Iko sababu ya tatu, nayo ni kutofanana kwa risasi zenyewe. Sababu hii hudhihirika zaidi katika bastola ya silinda yenye mtutu mfupi.

Tuchukue mfano wa Marekani. Mwaka 1927 kampuni ya Colt ilitoa bastola iitwayo Detective Special, yenye silinda ya matundu sita na mtutu wa kadiri ya sentimita 5. Ilitengenezewa risasi za aina ya .38 Special, zilizobuniwa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Nchini humo wapo wapenda shabaha wengi wanaojaza risasi zao wenyewe. Hulitwaa ganda la shaba lililokwisha kutumika, hulirudishia umbo lake, hulitia fataki mpya kitakoni, humimina baruti iliyopimwa, kisha hukaza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda.

Ganda hilo lina urefu wa milimita 29 hivi. Lilikadiriwa kubeba baruti nyeusi, yaani ule mchanganyiko wa kale wa shura, makaa na salfa, ambao ulilijaza. Lakini mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha kutengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu kubwa kuliko ile ya kale. Baruti ya namna hiyo ilipotiwa katika ganda la .38 Special, kiasi kidogo tu kilitosha. Hata leo baruti mara nyingi haifiki nusu ya ganda, na sehemu iliyobaki huwa tupu.

Nafasi hiyo tupu ndiyo chanzo cha taabu. Bastola ikiinamishwa kabla ya kupigwa, baruti humwagikia upande wa kichwa, mbali na fataki. Ikiinuliwa, baruti hulala karibu na fataki na kuwaka upesi zaidi. Baruti isiyo na moshi ina tabia moja muhimu: kadiri kanieneo ya gesi inavyopanda, ndivyo inavyozidi kuwaka kwa haraka. Kwa hiyo tofauti ndogo mwanzoni mwa mwako hukua kabla ya kichwa kutoka. Risasi mbili zenye kipimo kilekile cha baruti zaweza basi kutoka kwa kasi mbili tofauti.

Mtutu mrefu huipa gesi nafasi ya kuendelea kusukuma. Katika mtutu wa sentimita 5 kichwa hutoka mapema, gesi ikiwa bado na kanieneo kubwa, na nguvu iliyobaki hupotea hewani kwa mwali na kishindo. Mwako uliochelewa hauna muda wa kufidia. Tena, gesi kidogo huvujia katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya silinda na mtutu.

Je, tofauti ya kasi yahusianaje na shabaha? Tangu kichwa kianzapo kwenda mbele, bastola huanza kurudi nyuma, na mdomo wake huinuka. Kichwa chenye kasi ndogo hukaa mtutuni muda mrefu zaidi, hivyo hutoka mdomo ukiwa umeinuka zaidi. Kwa masafa mafupi, basi, risasi iendayo polepole hupiga juu, si chini kama wengi wanavyotazamia. Risasi zisizolingana kasi hutawanyika juu na chini hata mkono wa mpigaji ukiwa imara.

Nafasi tupu ina hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Ganda ambalo kipimo chake hakifiki nusu laweza kupokea vipimo viwili bila kufurika. Mjazaji akizungumzishwa, akasahau ganda alilofikia na kulimiminia tena, kichwa kitaingia vizuri na risasi itaonekana kama nyingine zote. Ikipigwa, kanieneo yaweza kupita uwezo wa chuma, silinda ikapasuka mikononi mwa mpigaji.

Hapa dawa moja hutibu magonjwa mawili. Ziko baruti nyepesi zenye ujazo mkubwa, baadhi zikiwa na chembe za umbo la pete, ambazo hulijaza ganda zaidi kwa uzito uleule mdogo. Baruti hiyo haina nafasi ya kutembea, na kipimo cha pili humwagika nje mara moja, mjazaji akakiona. Lakini baruti moja haiwekwi mahali pa nyingine kwa kukisia. Kila baruti ina majedwali ya mtengenezaji wake, na hupimwa kwa mizani. Kabla ya kukaza vichwa, mjazaji mwangalifu huyapanga maganda wima ubaoni na kuyamulika kwa taa moja baada ya jingine, ili aone kama kina cha baruti ni kimoja katika yote.

Kufanikiwa kwake hujulikana kwa kupima kasi. Mwingereza Benjamin Robins, katika kitabu chake cha mwaka 1742, alieleza jinsi ya kuipima kwa kupiga gogo linaloning'inia na kuangalia limebembea kiasi gani. Siku hizi hutumika chombo chenye macho mawili ya umeme, kinachopima muda wa kichwa kupita kati yake. Mjazaji hupiga risasi kadhaa na kulinganisha tarakimu. Zikikaribiana, kazi yake ilikuwa sawa. Zikiachana mno, hurudi kwenye mizani yake kabla ya kujaza ganda jingine.