Mfarishi wa Vipande vya Vitenge: Unavyoshonwa na Kumfikia Mtoto Mwenye Uhitaji

Vipande vya kitambaa vinavyoanguka chini ya meza ya fundi cherehani mara nyingi huishia jalalani. Katika Kata ya Gungu, Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambako kitenge ni vazi la kila siku, vipande hivyo vinaweza kuunganishwa na kuwa mfarishi wa kumfunika mtoto asiye na blanketi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi au mlezi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Malazi, ikumbukwe, huanzia pale mtoto anapolaza ubavu. Mlezi anapokosa uwezo, mchango wa majirani huwa na maana kubwa, ilimradi kinachotolewa kidumu.

Kudumu kwa mfarishi hutegemea maandalizi. Vipande hufuliwa kwanza na kuanikwa, kwa kuwa kitambaa kinachochuja rangi kitaharibu vingine, na kinachorudi baada ya kufuliwa kitavuta mshono. Pamba haichanganywi na kitambaa cha nailoni. Kila kipande kikikatwa sentimita 15 kwa 15 na kuachiwa sentimita moja ya mshono kila upande, hubaki sentimita 13. Hivyo vipande 96, vikipangwa 8 kwa 12, hutoa upana wa sentimita 104 na urefu wa sentimita 156, unaomtosha mtoto wa shule ya msingi. Chini huwekwa bitana, na katikati blanketi kuukuu lililo safi. Tabaka zote tatu hupigwa bandi ili zisiteleze, kisha hushonwa kwa pamoja kufuata mistari ya vipande na kumaliziwa kwa pindo. Anayeruka hatua ya bandi atapata mfarishi wenye mafundo baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Mtoto mchanga hafai kufunikwa mfarishi mzito anapolala, kwa kuwa unaweza kumziba pumzi. Kwa mtoto mkubwa, mfarishi hauchukui nafasi ya chandarua.

Ugumu zaidi uko katika kutoa. Nchini Marekani, shirika la Project Linus, lililoanzishwa mwaka 1995, hukusanya mablanketi yaliyoshonwa kwa mikono na kuyapeleka kwa watoto kupitia waratibu wake. Gunguni, mratibu wa namna hiyo tayari yupo: Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye hufikiwa kupitia ofisi ya mtendaji wa mtaa au kata. Yeye ndiye mwenye nafasi ya kujua kaya ipi ina uhitaji, na makao yapi ya watoto yana leseni. Mtoaji anayekwenda moja kwa moja nyumbani kwa watu akiwa na kamera humpa mtoto joto la usiku mmoja na aibu ya miaka mingi shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa zinazomhusu mtoto katika kundi la taarifa nyeti. Picha ya makabidhiano inaweza kuonesha mifarishi bila sura za watoto.

Vikundi vinavyotaka kushona kwa wingi vinaweza kujisajili kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hurejeshwa, kwa hiyo kikundi kinachogawa bure kila kinachoshona hakitafika mbali. Busara ni kuuza sehemu kubwa na kutenga michache ya msaada.

Kwa watoto wa Kambi ya Wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, utaratibu ni mwingine. Kambi iko chini ya usimamizi wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na kuingia kunahitaji kibali, ambacho huombwa kabla mzigo haujapakiwa.