Langilangi, Makonyo na Ambari: Kilichomo Kwenye Chupa ya Manukato

Harufu ya kikuba cha asumini, rehani na langilangi anachovaa bi harusi wa Zanzibar ina undugu na Chanel No. 5, manukato yaliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921. Ndani ya chupa ile maarufu ya Ufaransa mmetiwa waridi, asumini na langilangi, pamoja na aldehidi zilizotengenezwa maabara.

Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Mlangilangi ukiachiwa hukua hata kupita mita 10, kwa hiyo wakulima wa kisiwa cha Nzwani huukata kilele na kuinamisha matawi ili mchumaji ayafikie akiwa amesimama chini. Ua changa ni la kijani. Likipevuka huwa la njano, na kwenye kitako cha petali, upande wa ndani, hujitokeza doa jekundu. Hapo ndipo huchumwa, tena asubuhi na mapema, na kukenekwa siku hiyohiyo, kwa sababu petali zikichubuka hugeuka nyeusi na harufu huharibika.

Kilo 50 hivi za maua hutoa kilo moja tu ya mafuta, nayo hayatoki kwa mkupuo. Yanayotangulia, katika saa ya kwanza au ya pili, huitwa ekstra: mepesi, matamu, na ndiyo yanayolipiwa bei kubwa na watunga manukato. Yanayofuata huzidi kuwa mazito, na ya mwisho huishia zaidi kwenye sabuni. Moto huwaka saa nyingi, na kuni hizo zimechangia kuimaliza misitu ya Nzwani. Uzuri huu una gharama yake, na ni haki mnunuzi aijue.

Mpangilio huohuo wa chepesi kutangulia na kizito kubaki ndio unaotawala manukato yakishapakwa mwilini. Limau na bergamoti hunusika mara moja, zikatoweka baada ya dakika chache. Maua hufuata na kukaa saa kadhaa. Udi, sandali na vanila ni vizito. Nguo iliyopata hata tone moja huweza kunukia mpaka kesho yake.

Karafuu nayo imo. Pemba kuna kiwanda cha makonyo, pale Wawi karibu na Chake Chake, ambako vikonyo ambavyo mwingine angevitupa hukenekwa mafuta yaliyojaa eugenoli. Eugenoli huyapa manukato ya maua joto na ukali kidogo. Zaidi ya hapo, kwa miaka mingi viwanda vilitumia eugenoli ya karafuu kutengenezea vanilini, harufu kuu ya vanila.

Asumini ina la kushangaza zaidi. Miongoni mwa kemikali zake mna indoli, ambayo hupatikana pia kwenye kinyesi. Ikizidi hunuka, ikiwa kidogo ndiyo inayolifanya ua linukie kama kitu kilicho hai.

Kisha ambari. Nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba hula ngisi, na midomo yao migumu haisagiki tumboni. Ambari hujijenga utumboni mwake kuizunguka midomo hiyo. Ikiwa mbichi huvunda, lakini ikielea baharini miaka mingi hugeuka ya kijivu na kupata harufu tamu yenye chumvi. Katika karne ya 10 msafiri Al-Masudi aliisifu ambari ya pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki. Leo watunga manukato wengi hutumia ambroksidi ya kiwandani badala ya ambari, na nyangumi hahitaji kuguswa.

Msandali wa Afrika Mashariki haujapata nafuu hiyo. Mafuta yake yamo kwenye kiini cha shina na kwenye mizizi, hivyo wavunaji huung'oa mzima na hakuna kisiki cha kuchipua. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake porini mwaka 2007, na tangu mwaka 2013 mti huu umo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini: hauwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Anayenunua mafuta ya sandali katika nchi zetu basi amuulize muuzaji yametoka wapi, na kama hakuna jibu la kueleweka, ayaache dukani.